Breki za Gari la Meneja na Breki za Lori Letu



Safari hii siandiki habari za mishahara. Nataka kusema juu ya chupa moja ya mafuta ya breki, kwa sababu katika chupa hiyo niliiona tofauti ya bwana na mtumishi waziwazi kuliko nilivyopata kuiona katika karatasi ya malipo.

Mwaka 2009 nilikuwa msaidizi wa fundi katika karakana ya shamba moja la chai huko Toro, magharibi ya Uganda. Meneja alikuwa na gari la mbio, Porsche 911 lenye breki za ABS. Lilitoka Jumapili tu, siku zingine lilikaa chini ya turubai. Mwaka ule likaletwa karakana kubadilishwa mafuta ya breki. Breki zake hazikuwa na kosa lolote. Kitabu cha gari kiliagiza mafuta yabadilishwe kila miaka miwili, na miaka miwili ilikuwa imetimia. Basi.

Mimi nilishangaa. Nikamwuliza mzee aliyekuwa fundi mkuu, mbona tunamwaga kitu ambacho hakijaharibika? Akanijibu, "Kijana, hapa tunatoa maji ambayo macho hayayaoni."

Mafuta ya breki ni kama chumvi wakati wa masika. Hunyonya unyevu wa hewa, kidogo kidogo, kupitia mipira na kupitia kikopo cha juu, hata gari likiwa limesimama. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji karibu sehemu 4 katika 100, kiwango chake kinashuka mpaka nyuzi 155. Yale ya DOT 3 huanza na 205 na kushuka mpaka 140. Sasa dereva anayeshuka mlima huku amekanyaga breki anazipasha moto. Moto huo ukifika kwenye mafuta, yanachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabonyei lakini mvuke unabonyea. Pedali inakwenda chini mpaka sakafuni na magurudumu hayana habari.

Kazi ile tuliifanya mchana mzima, na naieleza hapa kwa sababu wapo wasaidizi wengi katika karakana za mashamba na viwanda ambao hawajaonyeshwa. Mzee alinyonya mafuta ya zamani kutoka katika kikopo kwa bomba la sindano, akajaza mapya ya chupa iliyofunguliwa siku ile ile. Chupa iliyokuwa wazi rafuni hakutaka hata kuiona. Mimi nikaingia ndani kukanyaga. Yeye akawa kwenye gurudumu na spana ya 11, mpira unaopitisha mwanga umevishwa kwenye nipeli, ncha ya pili imo ndani ya chupa. Akisema "kanyaga", nakanyaga na kushikilia. Anafungua, mafuta yanatoka yana rangi ya kahawa, anafunga, ndipo anasema "achia". Ukiachia kabla hajafunga, hewa inaingia. Chini ya pedali alikuwa ameweka kipande cha ubao ili nisikanyage mpaka mwisho, kwani katika gari lililotumika miaka, mipira ya masta silinda ikisukumwa mpaka mahali isikozoea kupita, penye kutu, inachanika.

Kila baada ya mikanyago michache alikuja kuangalia kikopo. Kikikauka tu, hewa inashuka mpaka kwenye kisanduku cha ABS, na huko ndiko taabu ilipo. Kisanduku hicho kina pampu na vali ndogo sana, ambazo kompyuta huzifungua na kuzifunga mara nyingi katika sekunde moja gurudumu linapotaka kukwama. Hewa ikishaingia humo, mara nyingi kukanyaga pedali peke yake hakuitoi. Inatakiwa mashine ya kuunganisha na kompyuta ya gari, iamrishe pampu na vali zifanye kazi. Na hata kama hewa haikuingia, nyuma ya vali zilizofungwa hubaki mafuta kidogo ya zamani. Kwa hiyo tulipomaliza magurudumu yote manne, meneja aliliendesha gari mwenyewe kwenye barabara ya changarawe isiyo na watu, akakanyaga breki kwa nguvu mpaka pedali ikamtetemesha mguu, ndiyo dalili ya ABS kufanya kazi. Akarudi, nasi tukatoa tena kidogo katika kila gurudumu mpaka yakaja safi. Lita moja na kitu ilitosha. Yale machafu ni sumu, na yakidondokea rangi ya gari yanaibabua. Msiyaweke kamwe katika chupa ya soda penye watoto.

Jioni tukinawa mikono nikamwuliza mzee: na lori la wachumaji je?

"Lori huongezewa," alisema. Hakusema zaidi.

Lori lile lilikuwa la breki za mafuta, si za upepo. Lilibeba wachuma chai asubuhi kwenda shamba la juu, na jioni likawateremsha pamoja na magunia ya majani. Katika muda wote niliokaa pale sikuliona likimwagwa mafuta ya breki hata mara moja. Kikopo kikipungua kiliongezwa. Na huko kuongeza tu kuna ubaya wake wa pili, maana mafuta hupungua kikoponi pia kwa sababu vitambaa vya breki vimelika, au kwa sababu pana mahali panavuja. Ukijaza bila kutazama, umeifunika dalili.

Mwezi wa nne mwaka huo huo, lori likiteremka na watu, pedali ilikwenda chini. Dereva alipampu, haikurudi. Akaligongesha kwenye ukingo wa udongo kabla ya kona ya mwisho. Watu waliumia, mama mmoja alivunjika mkono akawa hawezi tena kuchuma kwa mikono miwili. Lakini hawakuanguka bondeni, na hilo lilikuwa la dereva.

Kesho yake asubuhi mkubwa wa usafiri alipanda kwenye lori, akakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Akasema breki zipo, dereva alisinzia. Dereva akafukuzwa kwa uzembe, bila hata barua ya kumwonya.

Ndugu zangu, hapo ndipo nataka mtazame sana. Mvuke ukipoa hurudi kuwa mafuta. Usiku mmoja unatosha. Breki iliyokataa jioni itakubali asubuhi, na mtu aliyesema kweli ataonekana mwongo. Ushahidi ulikuwa ndani ya kikopo, yaani yale mafuta yenyewe, ambayo yangeweza kuchukuliwa kidogo na kupimwa yanachemka kwa joto gani. Hakuna aliyeyachukua. Sisi wa karakana tulijua, kwa kuwa majuma machache kabla tulifundishwa jambo hilo hilo juu ya gari la meneja. Tulinyamaza. Mimi nilinyamaza, na yule dereva aliondoka na godoro lake kichwani akipita mbele yangu. Nilijiunga na chama mwaka uliofuata, na sijifichi kusema kwamba ni kwa sababu hiyo.

Waajiri hawawezi kusema hawajui. Wanajua sana, ndiyo maana magari yao wenyewe yana tarehe. Siku hizi husema, tumewaletea mabasi mapya yenye ABS, mnataka nini tena? Jibu ni kwamba ABS huzuia magurudumu yasikwame, ila inatumia mafuta yale yale. Mafuta yakichemka, ABS haina kitu cha kusukuma. Tena vali zake ndogo zinaharibiwa na kutu na uchafu wa mafuta ya zamani upesi, na bei ya kisanduku kimoja ni afadhali usiiulize. Wako pia wanaotia oili ya injini ili kubana matumizi. Hiyo huvimbisha mipira ya breki na kuiua mfumo mzima. Mfanyakazi akiamriwa kufanya hivyo akatae.

Haki ya kukataa ipo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za haki kuwa pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipate madhara yasiyostahili kwa kitendo hicho. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 unaleta haki ya namna hiyo mashambani. Mwaka 2022 Shirika hilo liliingiza usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu hata kama haijatia sahihi mkataba wenyewe. Lakini karatasi ya Geneva haitamtetea dereva saa moja asubuhi mbele ya mkubwa wa usafiri. Kitakachomtetea ni kifungu katika mkataba wetu wa hiari na mwajiri.

Mimi nasema kifungu hicho kidai mambo yanayoeleweka na kila mtu: kila gari linalobeba wafanyakazi libadilishwe mafuta ya breki kwa tarehe, isizidi miaka miwili, na mapema zaidi kwa magari ya milimani, tarehe iandikwe katika kitabu kinachokaa karakana na ambacho mjumbe wa tawi anaweza kukifungua, na breki zikikataa, mafuta yachukuliwe siku ile ile mbele ya mjumbe kabla dereva hajaulizwa lolote.

Tawi letu limekipeleka kifungu hiki mezani katika mazungumzo ya mwaka huu. Mwajiri amejibu kwamba matengenezo ya magari ni siri ya kampuni. Nasi tumemwomba, kama ni siri, atuonyeshe basi kitabu cha gari lake yeye.