Barua ya Makina: Meli Yetu ni Treni



Kila ufikapo msimu wa kaskazi, nyinyi wenzetu wa Mombasa huziona meli kubwa za watalii zikifunga gati Kilindini. Abiria wake hupewa siku moja tu ya kushuka. Ndani ya meli huuziwa matembezi yaliyokwisha kupangwa, kwa bei ya kila kichwa. Lakini wapo wanaokataa, wakashuka kwa miguu yao, wakakodi tuktuk hadi Mji wa Kale, wakala mahamri kwa mbaazi, wakarudi mapema. Hao wamelijua jambo moja ambalo sisi tulijifunza kwa hasara: chombo cha kurudi hakimsubiri mtu.

Sisi wa Makina hatuna meli. Yetu ni treni ya Syokimau. Mwaka juzi tulikwenda Mombasa na wakala, ambaye hatutamtaja. Tulilipa kwa kila kichwa, hata kwa mtoto aliyelala safari nzima mapajani. Adhuhuri ilitukuta ndani ya gari, dereva akasema ratiba haina kituo hapo. Siku ya kurudi tulipelekwa Diani asubuhi, eti tusikose kitu. Jioni tulikwama katika foleni ya magari pale Likoni, na treni ikaondoka bila sisi. Tiketi tisa zikaenda bure, na akina mama wa chama chetu wakarudi Nairobi kwa basi la usiku, watoto wamekaa juu ya mizigo.

Kwa hiyo mwaka uliopita tulipoamua kwenda tena, tulijipangia wenyewe. Na mara hii palikuwa na sababu nyingine, nayo ni Haboba wetu. Ana umri wa miaka sabini na ushei, amezaliwa Kibra, amezika mume na wana wawili huko huko Kibra, na bahari hajawahi kuiona. Magoti yake hayana nguvu tena. Alisema maneno machache tu: hataki kuonyeshwa bahari kutoka dirishani, anataka kuigusa.

Tulikuwa wanane: Haboba, sisi mama wawili, mjomba wetu aliyekuwa mahram wetu, binti wa miaka kumi na tisa, na watoto watatu wa chini ya miaka kumi na miwili. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,500 kwenda, na mtoto alilipa nusu. Kwenda na kurudi ikawa shilingi 19,500. Hiyo ndiyo gharama isiyopungua, na ndiyo tuliyoanza kuiweka kidogo kidogo tangu mwezi wa Shaaban. Yote mengine, chakula, malazi, vyombo na viingilio, ni mambo ya kujadiliana, na humo ndimo wakala alimopatia faida yake.

Malazi tuliyapata kwa jamaa wa Likoni. Hatuoni haya kusema kwamba tulilala sebuleni juu ya mikeka. Tulikwenda na unga, mchele na sukari ili tusiwe mzigo, na tungewaomba wasomaji wenye jamaa pwani wafanye hivyo hivyo. Ukarimu wa mwenyeji una mwisho wake hata asipousema.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la tarehe. Mpwa wetu mmoja, aliyepewa kazi ya kupanga, alichagua mwezi kumi na nne ili tuone mbalamwezi juu ya maji. Tulipompigia simu mwenyeji wetu wa Likoni, mama mtu mzima aliyekulia Vanga, alicheka sana. Kisha akatueleza jambo ambalo wapwani mnalijua tangu utotoni, na sisi wa bara hatukuwahi kulifikiri: kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ndiyo hiyo hiyo kalenda ya maji.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu siku za bamvua bahari huwa imekauka kiasi cha saa nne asubuhi, na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Ni siku nzuri kwa kijana anayetaka kutembea mwambani kutazama kaa na viti vya pweza. Lakini kwa mtu mzima asiyeweza kupinda magoti ni mateso: mashua huelea chini kabisa ya gati, ngazi zina utelezi wa mwani, na upande wa pili pengine chombo hukwama mbali, abiria wakashuka majini. Kinyume chake ni maji mafu, yanayokuja mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 22. Maji hayajai sana wala hayapwi sana, na asubuhi ya saa nne au saa tano huwa yamepanda. Chombo husogea karibu na ngazi.

Tukaihamisha safari hadi mwezi nane. Watoto walinung'unika kwa ajili ya mbalamwezi. Mwezi nusu nao una mwanga wake, tukawaambia, na hawakuridhika.

Jambo la pili ni upepo. Wengi wetu wa Nairobi hupenda kusafiri likizo ya Agosti kwa kuwa hakuna joto. Huo ni wakati wa kusi, bahari ina mawimbi, na mkondo wa Wasini si mahali pa kumpeleka mkongwe wala mtoto. Likizo ya Desemba, kaskazi inapoanza kutulia, ni bora zaidi, ingawa ndio wakati tiketi za treni humalizika haraka. Anayengoja hadi wiki ya mwisho atajuta.

Jambo la tatu hatukulipata katika kalenda yoyote. Tiketi ya treni huandikwa kwa namba ya kitambulisho. Binti yetu hana. Aliomba alipotimiza miaka kumi na minane, na mpaka siku ya safari alikuwa ameitwa, akahojiwa, akaambiwa arudi na cheti cha babu yake, kisha na cha baba wa babu yake. Wanubi wa Kibra mnatujua: babu zetu waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, wakapewa ardhi hii mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mwaka 2017 jamii yetu ilipewa hati ya ekari 288. Hata hivyo, kijana wetu bado aliulizwa babu yake ni nani. Tiketi yake tuliipata kwa kwenda wenyewe dirishani na cheti chake cha kuzaliwa na karatasi ya kungojea kadi, na kuomba kwa upole mwingi.

Safari yenyewe haina mengi ya kusimulia. Treni ya asubuhi ni ndefu kwa watoto. Chukueni chakula chenu, na mkumbuke kufika kituoni mapema kwa sababu mizigo hukaguliwa kwa mbwa na kwa mashine. Miritini tulipanda matatu hadi mjini. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu inayokufikisha kusini bila kupanda kivuko, lakini Haboba alikataa katakata. Alitaka feri. Na feri ya Likoni, kwa mtembea kwa miguu, ni bure. Mjomba alimshika mkono huku, binti huku, akasimama kwenye ukingo wa chuma akitazama maji ya kijani yanavyopasuliwa, mpaka tulipofika ng'ambo naye hajasema neno. Dakika hizo chache hatukuzilipia hata senti moja, na wakala yule hakuwa amezitia katika ratiba yake.

Siku ya pili tuliiweka iwe ya karibu: Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno baina ya 1593 na 1596 na kutekwa na Waomani mwaka 1698. Watoto walipenda mizinga. Sisi tulipenda vichochoro vyenye kivuli, na msikiti wa karibu ambamo wanawake wana mlango wao, tukaswali Adhuhuri kwa wakati bila kumwomba dereva ruhusa.

Lakini mahali pamoja pa kulipia kiingilio, ambapo hatutapataja, bei ya raia ilitaka kitambulisho. Binti akatoa cheti chake cha kuzaliwa. Wakakitazama, wakasema yeye ni mtu mzima, na bila kadi alipe bei ya mgeni. Tulikuwa tayari kulipa. Yeye alikataa. Alisema hatalipa bei ya mgeni katika nchi yake, akatoka, akaketi kwenye kibaraza. Haboba naye akarudisha tiketi yake, akaenda kuketi karibu yake. Tulipotoka tuliwakuta wanakula viazi karai kwa ukwaju, na Haboba anamhesabia majina ya mababu, mmoja baada ya mwingine, kwa Kinubi. Hatukuingilia.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Baada ya Alfajiri tulipanda matatu ya barabara ya Lunga Lunga, tukapita Msambweni na Ramisi, tukakata kushoto pale Kanana hadi Shimoni. Huko zipo kampuni zinazochukua wageni mpaka hifadhi ya Kisite kuogelea na samaki. Tulilipima hilo kwa muda mrefu. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa simu na kwa kila kichwa, chombo ni cha siku nzima, na kati yetu wanane anayejua kuogelea ni mjomba peke yake. Tukaamua tusiende. Watoto walikuwa wameahidiwa pomboo na mpwa wetu yule yule. Hatukuona hata mmoja.

Badala yake tulitafuta nahodha wa kijijini wa kutuvusha hadi kisiwa cha Wasini, atungoje, aturudishe. Tulikubaliana shilingi 4,000 kwa chombo kizima. Tulisema bei kabla ya mguu kuingia chomboni, tukarudia mbele ya watu, na tukalipa nusu tu. Nusu ya pili ni ya gati la kurudi. Tulihesabu pia majaketi ya kuokolea maisha. Yalikuwa sita, na sisi ni wanane. Nahodha alisema mkondo ni mfupi. Hatukupanda mpaka yalipoletwa mawili, moja dogo la mtoto. Ilichukua nusu saa, na watu wa gatini walituona wasumbufu. Sawa.

Maji yalikuwa yamepanda kama mama wa Vanga alivyosema. Haboba alikanyaga ngazi mbili tu, akawa ndani.

Wasini hakuna magari. Nyuma ya kijiji wako akina mama wenye daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko na bustani ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Wao ndio wanaolisimamia na kupokea kiingilio. Tulifurahi kuwalipa. Chakula tulikuwa tumekiagiza kwa simu siku moja kabla: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kachumbari. Haboba alikuwa amevaa gurbaba yake, na alimpelekea mama aliyetupikia kawa la rangi alilolisuka mwenyewe Makina. Yule mama akaingia ndani, akatoka na lake. Wakakaa wawili hao wakigeuza ukili huku na huku, wakilinganisha mishono, na sisi tukasahaulika kabisa.

Alasiri, kabla ya kupanda chombo, Haboba aliketi kwenye jiwe la ufukweni. Alivua viatu. Maji yalimfika vifundoni. Alionja kwa kidole, akakunja uso, akasema walimwambia ni ya chumvi lakini hakudhani ni kiasi hiki.

Siku ya nne hatukwenda popote. Tulifunga mizigo, tukanunua halua na achari, tukavuka feri saa nne asubuhi kwa treni ya alasiri. Watoto walisema tumepoteza asubuhi nzima tumekaa kituoni. Wale waliorudi kwa basi mwaka juzi hawakusema kitu.

Chama kimekwisha kuanza kuweka tena, shilingi mia kwa wiki, na akina mama wanataja Lamu. Haboba anasema atakwenda pakiwa na maji mafu. Kadi ya binti yetu haijatoka. Kila Jumatatu huenda kuuliza, na bahasha ya vyeti vya mababu iko tayari mezani karibu na mlango.