Toleka si tusi



Tangu Pasaka sisi wote tunaona wenzetu wawili wa mwaka wa tano wakitoka na kinga mbele ya jua kutokea, na kurudi na matope mpaka kwenye shingo. Wanajitayarisha kwenda Yangambi wakati wa vakansi kubwa, kama km 100 kutoka hapa Kisangani, waone kile kituo cha kilimo kilichoanzishwa mwaka wa 1933 na ambacho mwalimu wa biolojia hachoki kukitaja. Safari ni yao na wazazi wamekubali. Sisi viongozi wa wanafunzi hatungeandika hata neno moja, kama si maneno yanayosemwa chini ya mwembe saa ya mapumziko.

Maneno yenyewe ni haya. Mmoja wa hao wawili anafanya kazi ya toleka kila vakansi, na kwa ile kazi analipa minerval yake mwenyewe. Mwingine ana kinga mpya yenye gia mingi, aliyoletewa na mjomba wake. Basi watu wanamwuliza huyu wa kinga mpya: "We mtoto wa watu, unafundishwa namna gani na toleka?" Na yule mwingine akipita wanampigia kamluzi, sawa vile mtu anaita usafiri pale sokoni. Juma lililopita hakufika kwenye mazoezi siku mbili. Mnafikiri alikuwa mgonjwa? Hakuwa mgonjwa.

Kwa maoni yetu jambo hili ni baya, tena ni la ujinga. Tuanze na ujinga.

Toleka ni neno la Kilingala, maana yake "tupite". Wakati magari ya usafiri yalipokufa moja moja na mafuta yakawa ya kutafuta kwa taa, mji huu ulipita juu ya kinga. Wamama wa soko, wagonjwa, wanafunzi, hata wachungaji wenye Biblia mkononi, wote walikaa juu ya kale kamto ka nyuma. Halafu ikaja vita ya 1998. Mto ulikatwa katikati na mapigano, mashua za Kinshasa hazikupanda tena mpaka 2003. Chumvi, mafuta ya mawese, mchele, nani alivileta? Watu wa kinga. Wengi hawakupanda hata, walisukuma kwa mikono juu mzigo ulikuwa mzito kupita mtu, siku nyingi ndani ya pori, njia ya Buta na njia ya Bafwasende. Hata kisha vita ya siku sita ya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini kwetu, watu walipaswa kula. Ulizeni wazazi wenu wawaambie chakula kilifika na nini. Yule anayepiga mluzi leo, pengine mama yake alimnyonyesha kwa jasho la mtu wa kinga.

Leo pikipiki zimechukua wateja wengi, na mtoleka amebaki na wale wasiokuwa na franka za moto. Kazi ni ngumu na malipo kidogo. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi, sisi wa sekondari bado tunalipa. Kijana anayelipa kwa miguu yake anaiba nini kwetu?

Sasa tuje kwenye mazoezi, maana tulikwenda kuwatazama. Yule mtoleka ndiye mwalimu, na anafundisha vizuri. Juma la kwanza walifika paka kwenye daraja la Tshopo na kurudi. Halafu walikwenda mpaka uwanja wa ndege wa Bangboka, km 17 kwenda na km 17 kurudi. Kisha akafunga mfuko wa mchanga nyuma ya kila kinga, kwani mtu hasafiri bila mzigo, na mwili unapaswa kuujua ule uzito mapema. Anamkataza mwenzake kusimama juu ya pedali kwenye mlima. Anamlazimisha kunywa mai mbele ya kiu na kula kipande cha kwanga mbele ya njaa. Mambo haya hakuyasoma kitabuni. Aliyajua siku zile alipopeleka watu kutoka Mangobo mpaka katikati ya mji toka asubuhi mpaka usiku.

Wengine wenye akili kidogo kuliko hao wa mluzi wanasema: basi huyu wa kinga mpya aende peke yake, gia zitamsaidia. Hapana. Njia ya Yangambi ni ya udongo, na kwetu karibu na ikweta mvua haina kalenda. Udongo ule unapoingia ndani ya zile gia, mnyororo unaruka, na hapo kijijini utapata wapi chombo cha kuitengeneza? Kinga ya toleka ina gia moja tu, na vyombo vyake viko katika kila soko dogo.

Kuna pia anayesema kwamba kwenda wawili ni juu ya upepo, wa mbele anamfunika wa nyuma. Ni kweli kwa wale wa mashindano wanaokimbia km 40 kwa saa, hapo wa nyuma anaokoa robo ya nguvu yake au zaidi. Lakini wenzetu watatembea km 10 au 12 kwa saa, upepo hauna kazi hapo. Wawili wanafaa kwa sababu zingine: mmoja anashika kinga, mwingine anabandika mpira, mmoja anavusha mizigo kwenye mto Lindi, mwingine anabaki anachunga, mmoja akipatwa na homa kule Yakusu, mwingine anakwenda kuita muganga. Sura ya nne ya Mhubiri mchungaji ameihubiri mara mingi, hatutairudilia.

Na kwa wale wanaoona haya kufundishwa na maskini, tuwape mfano mmoja. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi. Alipokuwa kijana alikwenda nje ya mji, huko Kikuyu, kwenye nyumba ndogo ya David Kinjah, Mkenya anayekusanya vijana maskini wa kijiji na kuwafundisha kinga. Yule mtoto mzungu alipanda milima nyuma ya Kinjah, naye hakuona haya kuwa nyuma.

Tunayoomba si mingi. Kwa Bwana Prefe, tunaomba hawa wawili waruhusiwe kuanza salongo ya Jumamosi saa mbili badala ya saa moja, juu kwa sasa wanarudi wakikimbia, na hapo ndipo mtu anaanguka. Pompi ya shule imefungwa ndani ya depo tangu mwaka jana, itolewe. Kwa wanafunzi: kamluzi kaishe. Tukikasikia tena tutaandika jina, kwa hili hatutanii.

Jumamosi inayokuja watakwenda mpaka Yakusu kwa mara ya kwanza, kama km 20, na kurudi siku ileile. Kuondoka ni saa kumi na moja ya asubuhi kwenye lango. Anayetaka kuwafuata kwa kinga yake aje, ila mtoleka ndiye atakayesema nani anaweza na nani bado. Wanakosa mpira wa ndani mmoja, namba 28. Aliye nao nyumbani aulete kwa Bwana msimamizi mbele ya Ijumaa jioni.