Kompyuta ya bei nafuu: Kioo kipewe daraja kama mazao

MALI bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ni wa zamani, lakini daftari lenyewe limebadilika. Chama cha msingi cha ushirika leo kinatakiwa kuingiza taarifa zake katika MUVU, mfumo wa kompyuta unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika (TCDC). Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilifanyika kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mfanyabiashara anayetaka kuuza mchele au maharage kwa taasisi ya umma hana budi kupita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Hata ritani za kodi sasa hujazwa kwa mtandao.

Kwa hiyo si ajabu kwamba miongoni mwa wanaoingia Kariakoo kutoka mikoani baada ya mavuno, wapo wasiofuata vitenge vya Mtaa wa Uhuru wala simu za Mtaa wa Aggrey. Wamebeba fedha za kikundi, au faida ya msimu mzima, na wanatafuta kompyuta mpakato, yaani laptopu, ya bei nafuu. Wengi huishia kununua iliyokwisha kutumika ofisini ng'ambo, kwa kuwa mpya hawaimudu.

Mnunuzi huyu huuliza bei. Akiwa amedokezwa na kijana wake aliyesoma, huuliza pia memori, ukubwa wa diski na aina ya prosesa. Kioo hukiangalia mwisho, na akishaona picha ya maua yenye rangi kali ikiwaka chini ya taa za dukani, hulipa. Hapo ndipo kosa lilipo. Katika laptopu nyingi memori na diski vinaweza kuongezwa baadaye kwa gharama ndogo. Kioo ndicho kitakachotazamwa kutwa nzima kwa miaka, na kukibadilisha ni gharama ambayo katibu wa kikundi hataki kwenda kuieleza mkutanoni.

Vioo vinavyopatikana katika laptopu za bei nafuu ni vya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni TN, ambayo ni ya zamani na rahisi kutengeneza. Anayekaa mbele yake sawasawa huona vizuri. Akisogea pembeni, au kioo kikilazwa nyuma kidogo, rangi hubadilika: nyeupe huwa ya kijivu au njano, na maandishi hafifu hupotea. Kwa mtu mmoja anayeandika barua hiyo si hasara kubwa. Kwa kamati ya watu watatu wanaokagua uzito wa magunia wakiwa wamezunguka meza moja, ni tatizo, maana kila mmoja anaona picha yake.

Ya pili ni IPS, iliyoendelezwa na kampuni ya Hitachi ya Japani katikati ya miaka ya 1990 ili kuondoa kasoro hiyo. Kioo hiki huonyesha rangi ile ile kwa aliye katikati na kwa aliye pembeni. Ipo pia OLED, ambayo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe na weusi wake ni weusi kweli. Hiyo bado ni ya bei ya juu, na picha isiyobadilika ikikaa humo muda mrefu huweza kuacha alama ya kudumu. Anayefungua jedwali lile lile la hesabu kila siku hana sababu ya kuikimbilia.

Lipo neno linalowachanganya wengi, nalo ni LED. Winga akimwambia mteja kwamba laptopu ina “kioo cha LED”, hajamwambia lolote kuhusu aina ya kioo. LED ni taa iliyo nyuma ya kioo, na karibu laptopu zote zilizotengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 zinayo, ziwe za TN au za IPS.

Neno HD nalo lina mtego. Kioo kinachoitwa HD katika laptopu huwa na nukta 1366 kwa 768, wakati Full HD huwa na 1920 kwa 1080. Ukizidisha, cha kwanza kina nukta zipatazo milioni moja, cha pili zaidi ya milioni mbili. Katika jedwali la mauzo, tofauti hiyo ni safu nyingi zaidi zinazoonekana kwa mara moja, na tarakimu ndogo zinazosomeka bila kukaza macho.

La mwisho ni jua. Kioo chenye mng'ao kama cha kujitazamia huvutia dukani, lakini mlangoni mwa ghala humwonyesha mwandishi sura yake na bati lililo juu yake. Kisicho na mng'ao hakivutii sana, ila husomeka. Mwangaza nao hupimwa kwa niti. Laptopu nyingi za bei ya chini zina niti 220 hadi 250, zinazotosha ndani ya chumba. Kwa kazi ya barazani au ghalani, niti 300 zingekuwa afadhali, na kwenye jua kali hata 400 hupata taabu. Ikumbukwe pia kwamba kuongeza mwangaza ni kumaliza betri haraka, jambo lisilopuuzwa na anayeishi mahali umeme unapokatika mara kwa mara.

Kama mambo ni wazi kiasi hicho, kwa nini mnunuzi haelezwi? Muuzaji ana jibu lake, na si jibu la kupuuza. Wateja huuliza bei tu. Mwenye duka akiagiza mzigo wa vioo vizuri kwa gharama ya juu, jirani yake atapanga mezani laptopu inayofanana nayo kwa nje na kuuza kwa bei ya chini. Mteja, asiyejua tofauti, atakwenda kwa jirani. Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof alieleza jinsi soko la magari yaliyotumika linavyoharibiwa na hali kama hiyo: asiyeweza kutofautisha kizuri na kibaya hulipa bei ya kibaya, na mwenye kizuri hujitoa sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa uchambuzi wa aina hiyo.

Mkulima hahitaji kwenda chuo kikuu ili alielewe hilo. Aliyekausha na kuchambua korosho zake anajua uchungu wa kuona zikichanganywa na zilizolowa na kulipwa bei moja. Ndiyo maana korosho hupangwa madaraja kabla ya mnada. Mkulima wa viazi au vitunguu naye anaijua lumbesa, gunia lenye kilemba ambalo kipimo chake hukipanga mnunuzi peke yake. Anapofika Kariakoo na kununua laptopu iliyoandikwa bei tu, anaingia katika lumbesa ya aina nyingine, safari hii yeye akiwa upande wa mnunuzi.

Jina la laptopu peke yake halisaidii. ThinkPad T480 ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2018, iliuzwa na kiwanda ikiwa na kioo cha TN chenye nukta 1366 kwa 768, na pia ikiwa na kioo cha IPS cha Full HD. Jina ni lile lile na umbo ni lile lile. Aidha, kioo cha laptopu iliyotumika huenda kimekwisha kubadilishwa njiani. Kubadilisha kioo si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Inafaa basi kila laptopu inayouzwa iwe na kijikaratasi chenye mambo manne: aina ya kioo, idadi ya nukta, kama ni kipya au kimetumika, na kama kimebadilishwa. Mambo hayo hayo yaandikwe katika risiti. Risiti inayosema “laptopu 1” na kiasi cha fedha inatosha kwa hesabu za kodi, lakini haimlindi aliyelipa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo. Lakini pasipo maelezo yaliyoandikwa, mlalamikaji atashika nini? Tume ya Ushindani (FCC), ambayo imejulikana zaidi kwa misako ya bidhaa bandia, ingefanya kazi kubwa kwa gharama ndogo kama ingekaa na wafanyabiashara wa Kariakoo na wa Posta wakubaliane juu ya kijikaratasi hicho. Mwenye mzigo mzuri ndiye angefaidika wa kwanza.

Wakati hayo yakisubiriwa, mnunuzi ajilinde. Afungue ukurasa mweupe mtupu na kuongeza mwangaza hadi mwisho, atazame madoa, michirizi na nukta zilizokufa. Akitazame kioo kutoka kushoto, kulia, juu na chini. Afungue jedwali lenye tarakimu ndogo na kuona kama 3, 6 na 8 zinatofautiana. Kisha aombe kuitoa laptopu hadi mlangoni, kwenye mwanga wa mtaani. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Anayekataa amekwisha kujibu.

Kioo kizuri pekee hakitoshi. Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa kawaida Windows 11 inahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au cha baadaye. Laptopu ya zamani kuliko hapo, hata kioo chake kiwe cha kupendeza, inunuliwe kwa tahadhari.

Wapo watakaosema mkulima mdogo hana fedha za kuchagulia vioo. Tuseme laptopu ya TN inauzwa Sh450,000 na inayolingana nayo yenye IPS ni Sh530,000. Tofauti ni Sh80,000. Ikitumika miaka minne, hiyo ni Sh20,000 kwa mwaka, pungufu ya Sh55 kwa siku. Kwa upande mwingine, kilo 58 za korosho zikisomwa na kuandikwa 53, kwa bei ya mfano ya Sh3,000 kwa kilo, mkulima mmoja amepoteza Sh15,000 katika mstari mmoja wa daftari. Na daftari la chama lina mistari mingi.

Wenye fedha watanunua wapendavyo, na wakikosea watanunua tena. Aliyetumwa na wanachama wenzake hana nafasi ya pili. Asiitoe fedha yao mfukoni mpaka kioo akione kwenye mwanga wa nje, na aina yake aione imeandikwa kwenye risiti.