Jiwe chini ya mguu wa tangi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayebaki nyumbani na watoto, leo tuzungumze juu ya tangi la maji.

Shimoni hakuna kapita atakayekubali mti wa kushikilia dari usimamishwe juu ya udongo uliomwagwa jana. Atapiga kelele, na atakuwa na haki. Lakini mtu yule yule akirudi kwake Butembo au Beni atanunua tangi la lita 1,000, atasimamisha miti minne ya mikaratusi juu ya udongo laini kando ya jikoni, atapigilia mbao, atapandisha tangi, kisha ataingia kula. Mimi nasema hilo ni kosa la kazi, hata kama limefanyika nyumbani siku ya Jumapili.

Tupige hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa lina kilo 1,000 za maji, sawa na mifuko 20 ya simenti ya kilo 50. Je, ungepanga mifuko 20 juu ya meza ya mbao, halafu umtume mtoto akae chini yake?

Tena usidhani kwamba miguu minne inagawana mzigo sawasawa. Angalia kiti chenye mguu mmoja mfupi: kinacheza, na karibu uzito wote unakaa juu ya miguu miwili ya pembe kwa pembe. Tangi halichezi kama kiti, maana ni zito, lakini mzigo unahama vile vile. Likiinama, uzito unaegemea upande wa chini, na upande huo ndio wenye udongo dhaifu.

Hapa kwetu Butembo ni vilima. Ili kupata pahali pa kujenga, tunachimba upande wa juu wa kiwanja na kumwaga udongo upande wa chini. Ukiweka miguu miwili juu ya udongo wa asili na miwili juu ya udongo wa kumwagwa, hii miwili itazama peke yake. Na maji ya kuizamisha yanatoka wapi? Kwenye mabati yako! Tangi linajaa usiku, mvua haijaisha, maji yanafurika na kushuka hadi kwenye mguu wa chini, yanakula udongo mpaka asubuhi.

Najua, kwa sababu nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Mke wangu aliniambia kwamba tangi limeinama. Nilimjibu kwamba macho yake ndiyo yameinama. Mguu ulipozama zaidi nikasukuma jiwe chini yake, tangi likiwa limejaa, nikaridhika. Wiki mbili hazikuisha. Jiwe liliteleza usiku wa mvua na tangi likaangukia jikoni. Lingeanguka saa kumi na mbili za jioni, wakati watoto wanaota moto, nisingekuwa na nguvu ya kuandika maneno haya.

Huko Ulaya kuna watu wanaofuga samaki nyumbani ndani ya sanduku la kioo, hata samaki wadogo wa rangi waliotoka katika ziwa la Tanganyika. Wao wana faida moja: kioo kinaonyesha maji. Meza ikiinama, mstari wa maji unakuwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, na mwenyewe anajua kwamba kioo kinaweza kupasuka. Tangi letu jeusi halionyeshi kitu, basi lazima upime.

Chombo cha kupimia hakina bei kubwa. Azima kwa fundi wa nyumba tiyo la plastiki linaloonyesha maji ndani. Lijaze, hakikisha hakuna povu la hewa katikati. Ncha moja iweke kwenye pembe ya msingi, nyingine mwenzako aishike kwenye pembe ya pili. Maji ya ncha zote mbili yanasimama kimo kimoja, hata kama kuna ukuta kati yenu. Pima pembe zote nne, na upime kabla ya kupandisha tangi.

Kuhusu msingi, chimba mpaka udongo wa asili, kisha jenga kwa mawe na simenti, si kwa miti ambayo mchwa wataila pale inapoingia ardhini. Chini ya tangi pawe sawa kote, bila jiwe lililochomoza. Maji ya kufurika yapelekwe mbali kwa tiyo. Na kwa nini tangi liwe juu kama mnara? Bidoni la lita 20 halizidi nusu mita. Msingi wa kimo hicho unatosha.

Wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, tulizoea kuweka ndoo ya kunawia juu ya miti mitatu mlangoni. Ndoo ile ilikuwa na kilo 20 tu. Usiige miti ile kwa tangi.

Ikiwa lako limeinama leo, usilete jiwe. Ondoa watoto, fungua bomba, acha maji yaishe yote, kisha shusha tangi na uanze upya chini. Langu sasa liko juu ya mawe, kimo cha goti. Mke wangu analalamika kwamba anainama kila anapochota maji.