Gari nafuu la otomatiki lichaguliwe kwa gia boksi, si kwa sura

Tangu lami iteremke kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mwendo wa kilomita 66 hivi, gari dogo limekuwa jambo la kufikirika kwa watu wengi wa Umatengo na mwambao wa Nyasa. Njia iliyokuwa ya malori na Land Rover sasa inapitwa na IST na Passo. Muuguzi wa Litembo, mwalimu wa Mbamba Bay na mkulima wa kahawa wa Maguu wanapiga hesabu za kununua gari la kwanza, na kwa kuwa karibu kila gari dogo linaloletwa kutoka Japani ni la otomatiki, hilo ndilo watakalonunua. Maswali yao ni yale yale: la mwaka gani, limetembea kilomita ngapi, linakula mafuta kiasi gani, mwisho bei gani? Swali ambalo lingewaokolea fedha nyingi kuliko yote huulizwa mwishoni au haliulizwi kabisa: gari hili lina gia boksi ya aina gani, na fundi gani wa Mbinga au Songea anaweza kuifungua na kuifunga ikafanya kazi? Hoja yangu ni kwamba kwa mnunuzi wa huku swali hilo liwe la kwanza, na jibu lake lipewe uzito kuliko mwaka wa gari, kuliko sura yake, na hata kuliko bei yake.

Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Uso wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500 kutoka usawa wa bahari, ilhali milima ya Umatengo inafika mita 2,000. Kwa hiyo safari ya kutoka ziwani kwenda Mbinga ni ya kupanda, na kurudi ni kushuka, kona juu ya kona. Gari dogo lililobeba watu watano na ndoo za dagaa kwenye buti linapopanda njia hiyo, mafuta ya gia boksi yanapata moto kuliko yanavyowahi kupata kwenye barabara tambarare za Dar es Salaam. Linaposhuka, kazi inahamia kwenye breki. Dereva aliyeacha gia kwenye D anaikuta otomatiki imejipandishia gia ya juu, injini haizuii chochote, na mguu wake ndio unaobeba uzito wote. Breki zikikanyagwa mfululizo hunuka, kisha pedali huanza kuzama. Dawa yake inajulikana: kabla ya kuanza mteremko, zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, kwa kitufe kilicho kwenye mkono wa gia, shusha hadi 2, na palipo pakali zaidi weka L, ili injini ilishike gari. Wengi waliojifunzia udereva kwenye barabara tambarare hawajawahi kugusa herufi hizo, na wengine hununua gari bila hata kuangalia kama lina nafasi hizo.

Sababu ya pili iko ndani ya gia boksi. Kwenye magari madogo tunayoletewa, otomatiki ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya zamani ya gia nne, iliyomo kwenye IST za 2002 hadi 2007, Passo za 2004 hadi 2010, Raum, Spacio, na Probox zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya 2014. Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Mkanda wa chuma unazunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Imo kwenye Nissan Note nyingi, Honda Fit za mwanzo, Passo nyingi za kuanzia 2010 na Probox za baada ya 2014. CVT si mtambo mbovu. Imebuniwa kubana mafuta, na nyingi zina alama ya S, B au L ya kushukia mlima. Tatizo lake ni kwamba inataka matunzo ambayo mazingira yetu bado hayajaizoea. Mkanda ule unashikwa na shinikizo la mafuta, na kila kampuni ina mafuta yake. Nissan kwa mfano hutumia NS-2 au NS-3. Dukani kwetu mteja huomba "haidroliki" tu, na chupa anayopewa kwa kawaida ni ATF ya gia boksi za gia nne. Ikimiminwa kwenye CVT, mkanda unateleza, chuma kinasaga chuma, na mlima mmoja mrefu unatosha kumaliza kilichobaki. Baada ya hapo mara nyingi hakuna kutengeneza, ni kubadilisha gia boksi nzima. Ile ya gia nne nayo hufa, lakini mafundi wameifungua kwa miaka mingi, na nyingine iliyotumika hupatikana Gerezani, Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi la Songea.

Hapo ndipo neno nafuu linapopata maana yake kwa mtu wa Mbinga. Mkulima wa kahawa hapati mshahara wa kila mwezi. Huvuna kuanzia katikati ya mwaka, hupeleka kahawa AMCOS, na fedha kubwa humfikia kwa msimu. Gharama ndogo zinazojulikana mapema, kama kubadilisha mafuta, matairi na pedi za breki, anaweza kuzipangia. Asichoweza ni gharama kubwa inayokuja bila hodi mwezi Februari, kahawa ikiwa bado mbichi mtini na ada za shule zikiwa zimeshakula akiba. Mtumishi wa umma naye hayuko salama zaidi. Wengi hununua gari kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara kwa miaka kadhaa, na makato hayasimami gari linapolala gereji. Kwa watu hawa wawili, gari nafuu ni lile ambalo ubovu wake mkubwa unaweza kutibika karibu na nyumbani, kwa fedha inayoweza kukadiriwa kabla.

Pingamizi la kwanza ni la kodi, na lina nguvu. Magari ya gia nne sasa ni makuukuu, na sheria yetu inautoza uzee. Tanzania haifungi mlango kama Kenya, ambayo haipokei gari lililotumika lililozidi miaka 8, bali inaongeza ushuru wa bidhaa: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi 10. Chukua gari la cc 1,300 ambalo TRA inalithamini kwa shilingi milioni 6 likifika bandarini. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 unalifikisha milioni 7.5. Ongeza asilimia 5 ya ukubwa wa injini na asilimia 30 ya uzee, inakuwa milioni 10.125. Weka VAT ya asilimia 18, unakaribia milioni 11.95, bila kuhesabu tozo ndogondogo. Lingekuwa na thamani hiyo hiyo lakini halijatimiza miaka 8, hesabu ingeishia karibu milioni 9.3. Tofauti inazidi milioni 2.6, na si fedha ya kudharau. Lakini angalia sharti lililofichwa humo, kwamba thamani iwe ile ile. Gari jipya zaidi la aina hiyo hiyo huuzwa ghali zaidi huko Japani, kwa hiyo sehemu ya nafuu ya kodi inamezwa na bei. Zaidi ya hayo, mwenye kutaka gia nne si lazima aagize. Nchini yamejaa magari ya namna hiyo ambayo kodi yake ililipwa zamani, na bei yake ya mkononi humwachia mnunuzi chenji ya kuweka matairi na breki mpya, na akiba ya siku mbaya.

Pingamizi la pili ni mafuta. Ni kweli CVT hubana, na bei ya petroli haina huruma. Tuipe basi haki yake kwa hesabu. Tuseme gari la gia nne linakwenda kilomita 13 kwa lita na la CVT kilomita 15, na mwenye gari anatembea kilomita 10,000 kwa mwaka. La kwanza litakunywa lita 770 hivi, la pili lita 667. Ni lita mia moja na kitu. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ni kama laki tatu kwa mwaka. Huo ni msaada wa kweli kwa mtu wa safari nyingi za tambarare anayeweza kupata mafuta sahihi ya gia boksi na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kwa mtu wa milimani asiye na viwili hivyo, gia boksi moja ikifa, pamoja na kuisafirisha na kuifunga, inafuta akiba ya miaka kadhaa kwa mkupuo.

Wengine watauliza kwa nini tusirudi kwenye gari la klachi, ambalo linashuka mlima vizuri na likizimika betri linasukumwa likawaka. Kwa anayebeba mizigo kila siku wana haki. Probox au pikapu ya klachi bado ni chombo cha busara, na otomatiki haisukumwi ikawaka, wala haifai kuvutwa kwa kamba mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Ila gari dogo la klachi kwenye soko la Japani ni adimu, na aliyejifunza udereva ukubwani, au anayegawana gari na mwenza wake, huendesha otomatiki kwa utulivu zaidi hasa pale anapotakiwa kusimama na kuondoka katikati ya mlima. Wapo pia wanaosema huku ni kwa gari la juu linalovuta kwa magurudumu manne. Kwa anayeishi Lituhi, au kijiji cha mlimani ambacho masika hugeuza barabara kuwa tope, nakubaliana nao kabisa. Passo haikuumbwa kwa njia hizo. Hata hivyo kanuni haibadiliki. Nissan X-Trail ya umbo la kwanza, iliyotengenezwa hadi 2007, ina otomatiki ya gia nne, na iliyoifuata ikaja na CVT. Mnunuzi anayeona majina yanafanana akadhani ni gari moja amenunua mbuzi kwenye gunia.

Kuchagua gari la mkononi kunataka asubuhi moja ya subira. Gari likaguliwe likiwa halijawashwa tangu jana, maana injini ya moto huficha mengi. Liwashwe, likanyagwe breki, kisha gia ihamishwe taratibu kutoka P kwenda R, N na D. Kila gia iingie upesi bila gari kuruka wala kugonga. Baada ya safari fupi kivutwe kijiti cha kupimia mafuta ya gia boksi, ambacho nyingi za zamani zinacho, na tone lipanguswe kwenye karatasi nyeupe: wekundu ni dalili njema, weusi na harufu ya kuungua ni sababu ya kuondoka bila kubembelezwa. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ni kulipandisha mlima likiwa na watu ndani. Anayenunua Dar es Salaam alipeleke hata vilima vya Pugu, kwa sababu asipofanya hivyo mtihani wa kwanza wa gia boksi utakuwa mlima wa Kitonga, wa pili Lukumburu, na fedha imeshatoka mfukoni.

Wajibu huu si wa mnunuzi peke yake. Waagizaji na madalali waandike aina ya gia boksi kwenye tangazo kama wanavyoandika cc na kilomita. Ni mstari mmoja tu. Shule za udereva za mkoa huu ziache kuchukulia otomatiki kama gari lisilohitaji mafunzo, ziwapeleke wanafunzi kwenye mteremko halisi wakajifunze kutumia O/D, 2 na L. Vyuo vya VETA, kikiwemo cha Songea, viwape mafundi wetu ujuzi wa CVT kwa kina, kwa kuwa magari ya gia nne yanapungua kila mwaka. Siku mafundi hao watakapokuwepo, na mafuta sahihi yakapatikana madukani, ushauri huu utapaswa kubadilika, nami nitaubadilisha kwa furaha. Kwa leo, mwenye fedha ya gari moja tu Mbinga, Liuli au Mbamba Bay anunue la gia nne lililotunzwa, hata likiwa na miaka mingi na rangi isiyompendeza, na chenji inayobaki aielekeze kwenye breki.