Maziwa ya kwanza ya ng'ombe hayaponyeshi vidonda vya tumbo

Kuna neno linalozunguka katika familia za wahami: mwenye vidonda vya tumbo anywe maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, yale mazito ya manjano, tena mabichi, na mikrobi za tumbo zitakufa. Wafugaji waliokimbia Masisi bila hata ndama mmoja wanalisema kwa uhakika. Siwacheki, kwa sababu nusu ya neno hilo ni kweli.

Ndama huzaliwa karibu bila kinga. Mama yake humpa kinga kupitia maziwa hayo, na ni saa za kwanza ndizo zenye faida. Baada ya siku moja hivi, utumbo wa ndama haupitishi tena kinga hiyo kuingia katika damu. Ndama aliyekosa kunyonya mapema hushikwa na kuhara, na wengi hufa. Mfugaji ameyaona hayo kwa macho yake.

Lakini kinga ya ng'ombe inapigana na mikrobi ambazo ng'ombe yule amekutana nazo. Kule Australia, walipotaka kutengeneza vidonge vya kuzuia kuhara kutokana na maziwa haya, walianza kwa kuchanja ng'ombe. Wetu nani amewachanja? Mikrobi inayoleta vidonda vingi, Helicobacter pylori, hujificha ndani ya ute wa tumbo. Mwaka 1984 munganga Barry Marshall aliinywa mwenyewe ili kuonyesha kwamba inaleta ugonjwa. Akajitibu kwa antibiotiki.

Halafu kuna mtego. Ukichemsha maziwa hayo sana, moto unaharibu kinga. Usipoyachemsha, unaweza kupata brusela au kifua kikuu cha ng'ombe. Maziwa yaliyochemshwa ni chakula kizuri, ninayapenda, lakini kwa vidonda hutuliza maumivu kidogo tu, kisha tumbo linatoa asidi zaidi.

Kwa hiyo makuta kidogo ya mhami yasiishie kwenye chupa hiyo. Apimwe kwenye kituo cha afya. Mikrobi ikipatikana, kwa kawaida hupewa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Mtaniambia dawa hizo ni ghali. Ni kweli, na ndiyo maana ninawaomba wanaotibu wahami bure waziweke kwenye orodha yao, pamoja na zile za malaria na kipindupindu.

Anayetapika damu, au anayeenda choo cheusi kama lami, asingoje maziwa wala redio. Apelekwe hospitali siku ileile.