Jibu Lisilolipiwa Mji

Wako watu wasemao kwamba mafumbo ni mchezo wa watoto, na kwamba mwanafunzi aliye karibu na mtihani hana haja ya kuyagusa. Usemi huu nimeusikia katika chumba cha walimu, nimeusikia kwa wazazi, na lililo baya zaidi, nimeusikia vinywani mwa wanafunzi wenyewe. Nataka kuupinga, kwa sababu ni usemi wa uongo, na kwa sababu umekwisha kuua kitu kimoja nilichokipenda. Katika mauaji hayo mimi mwenyewe nilikuwa na mkono.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, wanafunzi watano tulianzisha gazeti dogo la mafumbo. Halikuwa gazeti la kuuzwa. Lilikuwa karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono na kubandikwa ukutani kando ya mlango wa bwalo, mahali ambapo kila mtu alisimama akingoja chakula. Toleo la kwanza lilikuwa na mafumbo sita, na moja katika hayo lilikuwa hili. Mtu mmoja ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, naye ataka kuvuka mto. Mtumbwi wake ni mdogo, hauchukui ila yeye mwenyewe na kimoja katika vitu vyake vitatu. Akimwacha chui na mbuzi peke yao, chui atamla mbuzi. Akimwacha mbuzi na majani, mbuzi atayala majani. Avushe vipi vyote vitatu vikiwa salama?

Fumbo hili ni la kale. Husimuliwa Unguja kwa chui, mbuzi na majani, na katika mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na mwalimu Alcuin, aliyefariki mwaka 804, limo pia, ila mahali pa chui pana mbwa-mwitu na mahali pa majani pana kabichi. Lakini pale bwaloni lilikuwa jipya kama maziwa ya asubuhi. Kwa muda wa wiki mbili watu walikula huku wakivusha vijiko, vikombe na vibweta vya chumvi kutoka upande huu wa meza hadi upande ule. Walibishana, walichekana, walikosea, wakaanza tena. Mwenzetu mmoja aliyekuwa wa mwisho darasani katika hesabu alikuwa wa kwanza kulifumbua, na tangu siku ile hakuna aliyemwita mjinga tena.

Kisha yakaja manung'uniko. Wengine walisema, "Mnatutesa bure. Majibu yako wapi?" Mimi ndiye niliyekuwa mtunza majibu, na nilikuwa kijana aliyetaka kupendwa. Katika toleo la pili niliandika majibu yote chini ya ukurasa. Matokeo yake niliyaona kwa macho yangu. Watu walisoma fumbo, wakashusha macho, wakasema "Kumbe!" wakaingia kula. Vijiko vilirudi kuwa vijiko na vikombe vikarudi kuwa vikombe. Toleo la tatu halikusomwa na mtu, na la nne halikuandikwa. Gazeti letu halikutimiza muhula mmoja. Sisi tulilaumu uvivu wa wasomaji, lakini leo najua kwamba lilikufa kwa ukarimu wangu.

Wazee wetu hawakufanya kosa hilo. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na wasikilizaji hujibu, "Tega!" Akisha kutega, hukaa kimya akingoja. Wasikilizaji hujaribu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Wakishindwa kabisa, jibu hawalipati bure. Mtegaji hudai mji. Wakimpa mji asioupenda hukataa, na wakimpa mji mkubwa hukubali, akaenda kwa maneno katika mji huo, akala na akanywa, ndipo alipofumbua. Watu wengi hudhani mji huo ni mzaha wa kuchekesha watoto. Mimi nasema ni sheria, na sheria yenyewe ni njema. Yafundisha kwamba jibu ni mali, na mali haichukuliwi pasipo malipo. Ulipe kwa jasho la akili yako, au ulipe kwa mji wako.

Sasa na tusikilize hoja za wapinzani, maana si haki kumshinda mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba mafumbo hayamo katika mtihani wa taifa. Neno hili ni kweli, lakini halithibitishi kitu. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya fumbo la mchezo wa kamari. Watu wawili wamecheza, mchezo ukakatizwa kabla ya kwisha. Fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki, ikiwa mmoja alikuwa amemtangulia mwenziwe? Swali hilo halikuwa katika mtihani wa mtu yeyote. Lakini katika barua zile ilichimbuka elimu ya kupima uwezekano wa mambo, ambayo leo bima huitegemea, na wanafunzi wa sekondari huulizwa habari zake katika mtihani ule ule ambao tunaambiwa hauna nafasi ya mafumbo. Mtihani huuliza leo kile ambacho jana kilikuwa fumbo. Anayedharau mafumbo ni sawa na mtu apendaye embe na kuuchukia mwembe.

Hoja ya pili ni kwamba wakati hautoshi. Nawauliza wasemao hivyo: ni wakati gani huo msiokuwa nao? Naona wanafunzi wakikesha na mitihani ya miaka iliyopita, na pembeni yake mwongozo wa kusahihisha. Husoma swali, husoma jibu, hutikisa kichwa, kisha hugeuza ukurasa. Nyumbani huliuliza simu, na simu huwajibu kabla hawajakaa vizuri. Kazi hiyo hula saa nyingi kuliko fumbo lolote, lakini mwisho wake mwanafunzi amejua kwamba mtu fulani aliweza, wala hakujua kama yeye aweza. Swali likigeuzwa kidogo tu katika chumba cha mtihani, hukaa akalitazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni kwamba kitu chenye thamani ni jibu, na njia haina maana. Hoja hii naijibu kwa kisa cha vibao 15. Katika mwaka 1880 Marekani na Ulaya zilishikwa na wazimu wa kijisanduku chenye nafasi 16 na vibao 15 vyenye nambari. Vibao husukumwa, havinyanyuliwi. Fumbo lililowakondesha watu ni lile ambalo vibao vyote vimo mahali pake isipokuwa 14 na 15 vimebadilishana, na mchezaji atakiwa kuvirudisha. Watu wakasukuma usiku na mchana. Kumbe mwaka 1879 wataalamu wawili, Johnson na Story, walikuwa wamekwisha kuonyesha katika jarida la hisabati la Marekani kwamba jambo hilo haliwezekani kamwe. Nusu ya mipangilio yote ya vibao hivyo hurudi katika utaratibu, nusu hairudi. Haya, jibu la fumbo hilo liko wapi? Jibu lake ni "haiwezekani," neno moja ambalo kasuku aweza kufundishwa. Utajiri wote umo katika kuonyesha kwa nini haiwezekani. Asiyepita njia hana alichokipata.

Kisa hiki kina mkia, nao ni wa mafunzo. Mmarekani mmoja, Sam Loyd, fundi mkubwa wa mafumbo, alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayevirudisha vibao vile, akijua kwamba fedha zake haziko hatarini. Tena kuanzia mwaka 1891 alidai kwamba mchezo wenyewe aliubuni yeye. Haikuwa kweli. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 umeonyesha kwamba ulitokana na Noyes Chapman, mkuu wa posta katika mji mdogo wa Canastota. Henry Dudeney, bingwa wa mafumbo wa Uingereza, naye alilalamika kwamba Loyd alitwaa mafumbo yake. Mwaka 1907 Loyd alianzisha gazeti la mafumbo, nalo halikuishi sana. Yeye alifariki mwaka 1911, na mwaka 1914 mwanawe aliyakusanya mafumbo yake katika kitabu kinene. Kipawa chake hakuna awezaye kukikana. Lakini leo kila atajapo mtu vibao 15, jina la Loyd hutajwa pamoja na uongo wake. Mwanafunzi unayenakili kazi ya jirani yako, wewe huna hata kipawa cha Loyd. Je, jina lako litatajwa pamoja na nini?

Sasa nataka kuwaonyesha gazeti lililofuata sheria ya mji bila kuijua. Mwaka 1894, katika mji wa Győr nchini Hungaria, mwalimu wa shule aitwaye Dániel Arany alianzisha gazeti la hesabu kwa wanafunzi wa sekondari. Hakuwa tajiri wala waziri. Alikuwa mwalimu kama waliokufundisha wewe. Gazeti lake lilitoa maswali, na wasomaji wakatuma majibu yao kwa barua. Majibu mazuri yalichapishwa pamoja na majina ya wanafunzi walioyapata, na baadaye hata picha zao. Vita vikuu viwili vililinyamazisha, na mara zote mbili lilifufuka. Hata leo lingali likitoka. Miongoni mwa vijana waliofumbua maswali yake alikuwamo Paul Erdős, ambaye baadaye aliandika maandishi ya hisabati yapatayo 1,500. Gazeti letu la bwaloni na gazeti la Arany yalikuwa na mafumbo ya aina moja. Letu lilimpa msomaji jibu, na lake lilimwomba msomaji jibu. Tofauti yao ni hiyo.

Basi msiniambie kwamba shule zetu ni maskini mno. Karatasi nne na gundi si mali ya kumshinda mtu. Anzisheni ukurasa wa mafumbo ukutani mwa shule yenu, nanyi mshike masharti matatu. La kwanza, jibu lisitolewe kabla ya wiki mbili, hata mkitukanwa. La pili, anayefumbua aeleze njia yake, na jina lake liandikwe. La tatu, fumbo mlilolitoa kwa mwingine, mtajeni mwenyewe.

Nanyi walimu wenzangu, mwanafunzi akija kwenu na swali, msimkimbilie na jibu kama mama amkimbiliaye mtoto aliyejikwaa. Mwacheni ainuke. Ni vigumu kunyamaza huku ukijua, na mimi nilishindwa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tukimwinamia kila siku mgongo wake hautajifunza kamwe.

Ama jibu la chui, mbuzi na majani, msilitafute chini ya ukurasa huu. Niliwahi kuliandika mahali kama hapa mara moja, na mara moja yatosha. Chukueni vijiko na vikombe, mkaketi mezani.